Maisha ya Ibn al-Baytar, Mkuu wa Wajuzi wa Miti ya Dawa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha mimea ya kila namna juu ya ardhi, akampa mwanadamu akili ya kuichunguza. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baada ya hayo. Wasomaji wetu wapenzi, majina ya al-Razi na Ibn Sina si mageni katika miji yetu ya pwani, na hapana mtu aliyekaa barazani na wazee asiyepata kusikia kuwa Waislamu wa zamani walikuwa mabingwa wa utabibu. Lakini ukiwauliza watu habari za Ibn al-Baytar wa Malaga, wachache mno watakujibu. Naye ndiye mtu aliyekusanya habari za mimea ya dawa kuliko wote waliomtangulia katika lugha ya Kiarabu, na ndiye aliyetuandikia, kwa uwazi usio na fumbo, tiba ya ugonjwa mmoja ambao matabibu wengi waliupuuza na watu wote waliuonea haya.

Tumeona yatupasa kueleza maisha yake. Hatufanyi hivyo kwa kutaka kujigamba kwa waliopita, maana fahari ya babu haimshibishi mjukuu. Twafanya hivyo kwa sababu katika maisha yake mna funzo ambalo twalihitaji sana hivi leo, nalo ni kwamba dawa haijulikani kwa uvumi, wala ilimu haidumu kwa kufichwa.

Kuzaliwa kwake na mwalimu wake

Jina lake ni Abu Muhammad Abdullah bin Ahmad, na lakabu yake ni Diya al-Din. Huitwa pia al-Malaqi kwa kuunasibisha na mji wake wa Malaga, ulioko kwenye pwani ya kusini ya nchi ya Andalusi, yaani Hispania ya leo. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 12, na wengi wautaja mwaka wa 1197. Neno baytar kwa Kiarabu lina maana ya tabibu wa wanyama, basi jina hilo la ukoo ladokeza kuwa wazee wake walikuwa watu wa kazi hiyo.

Zama alizozaliwa hazikuwa zama za raha. Mwaka wa 1212, alipokuwa bado kijana, majeshi ya Waislamu yalishindwa vibaya katika vita vya al-Iqab, na tangu siku hiyo miji ya Andalusi ikawa yaanguka mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo masoko ya vitabu yalikuwa bado wazi na darsa zilikuwa bado zasomeshwa, na kijana huyu akaenda Seville, mji ambao Waarabu waliuita Ishbilia, kutafuta ilimu ya mimea.

Huko alimpata mwalimu aliyemtengeneza maisha yake yote. Mwalimu huyo ni Abu al-Abbas al-Nabati, ajulikanaye pia kwa jina la Ibn al-Rumiyya. Yataka tukae hapa kidogo, kwa kuwa mtu huyu alikuwa na sifa mbili ambazo watu wa leo huzidhania kuwa haziwezi kukaa katika kifua kimoja. Alikuwa mwanachuoni wa hadithi, mwenye kusafiri mbali kuwatafuta wapokezi, na papo hapo alikuwa mjuzi wa mimea aliyeshinda nyikani akichimbua mizizi na kukusanya mbegu.

Wala mambo hayo mawili hayako mbalimbali kama yanavyoonekana. Mwenye ilimu ya hadithi huuliza: Nani amesema? Amesikia kwa nani? Alikuwa mkweli? Alikuwa na hifadhi nzuri? Basi al-Nabati aliyachukua maswali hayo akayapeleka kwenye dawa. Akisikia kuwa mzizi fulani waponya ugonjwa fulani, hakuridhika kwa kuwa jambo hilo limeandikwa kitabuni au limesemwa na mzee mwenye ndevu nyeupe. Alitaka kujua nani aliyeujaribu, ni mzizi upi hasa, na umeota wapi. Kisha habari zilizothibiti akazitenga na zile zisizothibiti. Ibn al-Baytar alifuatana naye katika viunga vya Seville kukusanya mimea, na hapo ndipo alipojifunza adabu hiyo ya kutokubali jambo mpaka liwe na ushahidi.

Safari zake

Ilipofika yapata mwaka wa 1219 Ibn al-Baytar aliiaga Andalusi, na hakurejea tena. Alivuka bahari akaingia Afrika ya Kaskazini, akafuata pwani kutoka magharibi kwenda mashariki. Alipita Bijaya, ambayo leo imo katika nchi ya Aljeria, akapita Tunis, kisha Tripoli na Barqa katika nchi ya Libya. Halafu akaendelea mpaka nchi za Rumi, yaani upande wa Asia Ndogo ambako leo ni Uturuki, akakaa na watu waliozijua lugha na mimea ya huko.

Watu wa zamani walisafiri kwa biashara, au kwa hija, au kwa kukimbia vita. Safari ya bwana huyu ilikuwa na shughuli yake ya peke yake. Kila mji aliofika aliwatafuta watu wenye kujua miti, wawe wanavyuoni au wachungaji wa mbuzi, akawauliza jina la mti kwa lugha yao, akatoka nao mpaka mahali unapoota, akautazama kwa macho yake majani, maua na mizizi, kisha akaandika.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini taabu yote hii, na hali vitabu vya dawa vilikuwako tele? Jibu ni kwamba msingi wa vitabu hivyo ulikuwa kitabu cha Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya kwanza baada ya Nabii Isa, ambacho kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9. Wafasiri wake walikuwa hodari wa lugha, lakini mimea mingi hawakupata kuiona, kwa hivyo majina mengi waliyaacha kwa Kiyunani kama yalivyo. Mtu wa Andalusi akilisoma jina hilo huenda akalidhania ni la mti huu, na mtu wa Iraki akalidhania ni la mti mwingine, na mgonjwa ndiye aliyelipa gharama ya dhana hizo.

Jambo hili si geni kwetu. Hapa pwani yetu mti mmoja, huyu huuita mwarobaini na yule huuita mkilifi, na mgeni asiyejua atadhani ni miti miwili. Na kinyume chake pia hutokea, miti miwili ikashirikiana jina moja, na katika miwili hiyo mmoja ukawa dawa na wa pili ukawa sumu. Ndiyo maana Ibn al-Baytar aliona kuwa kulitengeneza jina ni nusu ya kuitengeneza dawa.

Misri na Sham

Alipofika Misri ilitawaliwa na Sultani al-Malik al-Kamil wa ukoo wa Ayyubi, ukoo wa Salah al-Din. Sultani aliitambua ilimu yake akamfanya mkuu wa wajuzi wote wa miti ya dawa katika nchi ya Misri. Al-Kamil alipofariki mwaka wa 1238, Ibn al-Baytar aliendelea kuheshimiwa na mwanawe, al-Malik al-Salih Najm al-Din Ayyub, na kwa jina la sultani huyo ndipo alipokitunga kitabu chake kikubwa.

Cheo hicho kingeweza kumkalisha juu ya zulia maisha yake yote, lakini hakikumkalisha. Alipokuwa Damascus alikuwa akitoka na wanafunzi wake kwenda viungani mwa mji kutazama mimea pale pale inapoota. Mmoja wa wanafunzi hao ni Ibn Abi Usaybi'a, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri cha maisha ya matabibu, na kwake yeye ndiko tulikopata habari nyingi za mwalimu wake. Walikutana Damascus mwaka wa 633 wa Hijra, unaolingana na mwaka wa 1235 au 1236.

Mwanafunzi huyo amesimulia kuwa mwalimu alipoufikia mmea alianza kwa kutaja aliyoyasema Dioscorides, kwa lafudhi ya Kiyunani iliyo sahihi. Kisha akayataja aliyoyasema Galen. Kisha maneno ya waliokuja nyuma, na mambo waliyohitilafiana, na mahali walipokosea. Wanafunzi walipokwenda kuvitazama vitabu waliyakuta yote kama alivyoyasema, bila ya kupungua kitu. Pamoja na hifadhi hiyo amesifiwa kwa tabia njema na uungwana mwingi, na hiyo ni sifa ambayo wenye hifadhi si wote waliojaaliwa.

Kitabu chake kikubwa

Ameacha vitabu kadha wa kadha. Aliandika sherehe ya kitabu cha Dioscorides. Aliandika kitabu cha kubainisha makosa yaliyomo katika kitabu cha Ibn Jazla wa Baghdad, kwa kuwa kosa katika kitabu cha dawa si kama kosa katika kitabu cha hadithi za kupumbaza watu. Aliandika pia al-Mughni, alichokipanga kwa mujibu wa viungo vya mwili na maradhi yake, ili tabibu aipate haraka dawa aitakayo.

Lakini kitabu kilicholifanya jina lake lidumu ni kile kiitwacho al-Jami, yaani Mkusanyo wa dawa na vyakula vya aina moja moja. Ndani yake mna dawa zipatazo 1,400, nyingi katika hizo ni za mimea, na amenukuu kwa waandishi wapatao 150. Zimo pia dawa nyingi ambazo waliomtangulia hawakuzitaja. Amezipanga kwa taratibu ya herufi, kuanzia alifu, ili kila mtu aweze kutafuta.

Katika utangulizi wake ameeleza masharti aliyojiwekea, nasi twayatoa kwa maana yake. Habari aliyoiona kwa macho yake au iliyothibiti kwake kwa kujaribu, hiyo ameiweka akiba kama hazina. Na ile iliyopingana na aliyoyaona ameiacha, hata akiwa aliyeisema ni mkubwa wa sifa. Kila neno la mtu amelirejesha kwa mwenyewe. Makosa ya wa kale na wa sasa ameyaonyesha. Na majina ya miti ameyaandika kwa lugha mbalimbali, Kiarabu na Kiyunani na Kiberberi na lugha ya Walatini wa Andalusi, akiyatia irabu kwa uangalifu ili msomaji asipotee.

Lau masharti haya yangeandikwa leo juu ya mlango wa chuo kikuu chochote cha dunia, hapana ambaye angeyaona kuwa ya kizamani.

Dawa iliyofichwa na kabila moja

Sasa tuje kwenye habari tuliyoiahidi mwanzo. Ukikifungua kitabu cha al-Jami, miongoni mwa dawa utakazozikuta ni mmea uitwao atrilal. Jina hilo ni la Kiberberi, na maana yake ni mguu wa ndege. Ni mmea wa ukoo wa giligilani, una maua meupe madogo madogo yaliyojipanga mfano wa mwavuli, na dawa imo katika mbegu zake. Wataalamu wa leo huuita Ammi majus.

Ugonjwa unaotibiwa nao ni barasi, au mbalanga kama tunavyouita wengi wetu, yaani ule wa ngozi kupoteza rangi na kuwa na mabaka meupe. Ugonjwa huu hauui, wala hauumi, wala hauambukizi. Kwa sababu hiyo matabibu wengi hawakuushughulikia. Lakini mwenye kuwa nao huujua uzito wake. Katika nchi nyingi watu waliuchanganya na ukoma, wakamkimbia mgonjwa asiyestahili kukimbiwa. Hata kwetu sisi wapo waliomkataa mchumba kwa ajili ya baka moja la mkononi, na wapo wanaokataa kula sahani moja na ndugu yao wa damu, na wapo wanaosema kuwa mgonjwa amelaaniwa au amechezewa na majini. Maradhi ya ngozi yakawa maradhi ya moyo, na mgonjwa akawa hapati dawa ya hili wala ya lile.

Ibn al-Baytar ameeleza kuwa dawa hii ilianza kujulikana katika Maghribi ya kati, kwa kabila la Waberberi waitwao Bani Abi Shu'ayb, katika wilaya ya Bijaya. Watu waliwaendea kutoka pande zote ili kutibiwa. Nao waliificha siri yao, wakawa hawamfundishi mtu ila baba humrithisha mwana, mpaka Mwenyezi Mungu alipojaalia ikajulikana na wengine, na habari zake zikaenea.

Kisha akaandika namna ya kuitumia, wala hakuificha. Mgonjwa hupewa mbegu zilizosagwa pamoja na asali, halafu huketi katika jua kali, na zile sehemu zenye mabaka zikiwa wazi, kwa muda wa saa moja au mbili mpaka atoke jasho. Baadaye mabaka hutoka malengelenge, na ngozi iliyo nzima haidhuriki. Malengelenge hupasuka, kidonda hupoa, na rangi ya asili huanza kurudi. Akaongeza kuwa yeye mwenyewe aliijaribu zaidi ya mara moja akaiona manufaa yake, na kwamba watu hawako sawa, mmoja huitika upesi na mwingine hukawia. Akasema pia kuwa mahali penye nyama hupona haraka kuliko mahali palipo na mifupa.

Tazama uadilifu wa mtu huyu. Alikuwa mkuu wa wajuzi wa dawa katika dola kubwa, na lau angetaka angeweza kuiita dawa hii kuwa ni yake. Hakufanya hivyo. Aliwataja wenyewe kwa jina la kabila lao na wilaya yao, akaliacha jina la mmea kwa lugha yao, na hivi leo karibu na miaka 800 imepita na twajua ilikotoka.

Kufa kwake

Ibn al-Baytar alifariki ghafla mjini Damascus katika mwezi wa Shaaban mwaka wa 646 wa Hijra, nao ni mwishoni mwa mwaka wa 1248. Mwaka huohuo mji wa Seville, ambako alijifunza ilimu yake, uliingia mikononi mwa mfalme wa Castile. Mashamba aliyotembea na mwalimu wake yakawa ya watu wengine, na waliozijua njia zake wakatawanyika. Lakini mimea ya mashamba hayo ilikuwa imekwisha ingia kitabuni, na kitabu hakitekwi kama utekwavyo mji. Mwenyezi Mungu amrehemu na amlaze mahali pema.

Kitabu chake kiliendelea kunakiliwa kwa mikono, kikapigwa chapa Bulaq, huko Misri, mwaka wa 1874, na baina ya miaka ya 1877 na 1883 daktari Mfaransa aitwaye Lucien Leclerc akakitoa kwa lugha ya Kifaransa.

Yaliyothibiti baada ya miaka 700

Katika miaka ya 1940 Abdel Monem El Mofty, mwalimu wa maradhi ya ngozi katika chuo kikuu cha Cairo, aliishughulikia upya dawa hii ya zamani, ambayo mmea wake huota katika bonde la Nile na mbegu zake zilikuwa zingali zikitumiwa kwa ugonjwa huohuo. Mwaka wa 1947 mabingwa wa Kimisri, Fahmy na Abu Shady, walifaulu kuitoa katika mbegu ile chembechembe yenye nguvu, ikiwa safi, peke yake. Mwaka wa 1948 El Mofty akatangaza habari za wagonjwa wa mbalanga aliowatibu kwa dawa hiyo pamoja na mwanga.

Hapo ndipo ilipojulikana sababu ya mambo aliyoyaandika Ibn al-Baytar. Dawa hii ikiliwa hufika mpaka kwenye ngozi, na hapo hutulia bila ya kufanya kazi kubwa mpaka ipigwe na mionzi fulani ya jua isiyoonekana kwa macho. Ipigwapo ndipo inapoamka, na chembe zinazotengeneza rangi huchochewa zikarudi kufanya kazi. Jua lilikuwa sehemu ya dawa. Ndimu nayo ina kitu cha jamii hiyo, na ndiyo maana mtu aliyekamua ndimu kisha akakaa juani huenda akaungua ngozi na kubaki na madoa meusi. Na chembe za rangi hurudi zaidi kupitia mashina ya nywele, ndiyo sababu vidole na viganja, ambavyo nywele zake ni chache au hazipo, huwa vigumu kupona, na mahali penye nyama huwa wepesi. Bwana yule aliliona jambo hilo kwa macho yake, bila ya hadubini wala maabara.

Mwaka wa 1974 madaktari wa Marekani waliichanganya dawa hiyo na taa maalumu zenye mionzi ya namna hiyo, wakatibu ugonjwa mwingine wa ngozi uitwao soriasisi, na tiba hiyo ikaenea duniani.

Yatupasa tuseme ukweli wote, kama alivyotufundisha mwenyewe. Dawa hii ina madhara. Huchafua tumbo, huweza kuunguza ngozi vibaya, yahitaji macho yalindwe, na ikitumiwa kwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Siku hizi madaktari wengi hupendelea mwanga wa namna nyingine usiohitaji dawa ya kumeza. Basi asitoke msomaji wetu kwenda kutafuta mbegu na kujianika juani kwa kuwa amesoma habari hii. Mwenye mbalanga na amwendee daktari wa ngozi, ajue kuwa ugonjwa wake una jina na una tiba, na kwamba hana dhambi aliyoitenda wala laana iliyomshukia.

Funzo kwetu

Ndugu zetu, njia aliyoipita Ibn al-Baytar haikufungwa. Mwaka wa 1964 Aklilu Lemma, bingwa wa Kihabeshi, alikuwa Adwa akichunguza ugonjwa wa kichocho, ambao watoto wetu wa Kwale na Mto Tana waujua vyema. Aliwaona wanawake wakifua nguo mtoni kwa tunda la mti uitwao endod, akaona kuwa mahali povu linapopita konokono wamekufa. Na konokono hao ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Jambo ambalo wafuaji walikuwa nalo mikononi kila siku likawa mlango wa utafiti wa miaka mingi. Na huko China, bibi Tu Youyou alikisoma kitabu cha dawa cha karne ya 4 kilichoagiza kuwa mmea fulani uloweshwe majini na kukamuliwa, akatambua kuwa kuchemsha ndiko kulikoharibu nguvu zake. Kwa kutumia njia isiyo na joto kali, mwaka wa 1971 alifanikiwa kupata dawa ya malaria ambayo leo hutumiwa duniani kote, na mwaka wa 2015 akatunukiwa tuzo ya Nobel.

Wote hawa walifanya mambo matatu. Walisikiliza watu wasiosikilizwa, wakalijaribu walilolisikia, na walipolipata hawakulificha.

Sasa na tujitazame sisi. Miongoni mwetu wamo wazee wanaojua miti ambayo huenda ikawa na manufaa makubwa kwa maradhi ya maskini, maradhi ambayo wenye viwanda vya dawa hawayatazami kwa kuwa hayana faida ya fedha. Mzee huyo hamfundishi mtu. Akifa, mti hubaki umesimama porini na ilimu yake imezikwa pamoja naye. Kwa upande wa pili wamo wanaonadi chupa moja kuwa yaponya maradhi arubaini, wakaichanganya na hirizi na vitisho vya majini ili isijulikane kuwa hawakuijaribu hata kwa ugonjwa mmoja. Yule wa kwanza aficha kilicho kweli, na huyu wa pili atangaza kisichothibiti, na baina yao mgonjwa hupotea. Tena wapo vijana wetu waliosoma, ambao wakisikia jina la mti wa bibi hucheka, wakadhani kuwa kucheka ndio ilimu.

Hatusemi kuwa kila mzizi ni dawa. Ibn al-Baytar mwenyewe mengi aliyoyanukuu hayakuthibiti baada yake, naye alikuwa wa kwanza kutufundisha kuwa neno la mkubwa lapimwa. Tunalolisema ni kwamba mzee na aandikiwe ilimu yake kwa jina lake, isiibwe. Na kijana aliyesoma na aende kwake kwa adabu na daftari mkononi, auone mti, aujue kwa majina yake yote. Na mabingwa katika vyuo na hospitali waupime, waseme waliloliona, liwe zuri au baya. Kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mungu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaamrisha watu wajitibu, naye ndiye mkubwa wa wenye kutegemea.

Bani Abi Shu'ayb waliificha dawa yao kwa vizazi, na waliofaidika nayo walikuwa ni wale tu walioweza kufika kwao. Alipoiandika mtu mmoja mwaminifu, ikawafaa watu ambao hawakuwa wamezaliwa, katika nchi asizozijua. Twamwomba Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa kazi yake, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie nasi tuwe miongoni mwa wenye kuuliza, wenye kupima, na wenye kufundisha walilolijua. Amin.